Wanaomaliza Muda Wao Tunawaagaje?

Katika sharika zetu tunajua kuaga. Mchungaji akihamishwa, kwaya zote huimba, akina mama huleta vitenge, na wazee wa kanisa hupanga mstari na bahasha zao. Mwinjilisti akistaafu, mbuzi huchinjwa. Kiongozi wa serikali akija siku ya harambee, tunamvika mgolole, tunampa kiti cha mbele, na jina lake hutajwa mara tatu kabla ya mahubiri. Lakini msharika aliyekaa miaka mitatu katika kamati ya zahanati ya kijiji chake, bila mshahara, akimaliza muda wake siku ya Jumatano, Jumapili inayofuata matangazo husomwa kama kawaida: ndoa, mnada, zamu ya usafi. Yeye hatajwi.

Tunaandika kuupinga ukimya huo. Wapo wanaouita unyenyekevu. Wapo wanaouita busara ya kutochanganya dini na serikali. Sisi tunaofundisha watumishi wa Kanisa tunauona kuwa ni upungufu wa mafundisho uliojificha ndani ya upungufu wa adabu. Usharika usiojua kumshukuru mjumbe wa kamati ya shule haujaelewa wito ni nini, haujaelewa ombi la nne la Sala ya Bwana, wala haujaelewa amri ya nane. Tutayaonyesha hayo moja baada ya jingine.

Tunawazungumzia akina nani

Tuanze kwa kuwatambua, maana wengi wetu huwaona njiani bila kujua wanafanya nini. Kila shule ya msingi ya serikali ina kamati ya shule, na shule ya sekondari ina bodi. Zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi, ambamo wananchi wanaotibiwa hapo hukaa meza moja na mganga mfawidhi. Ngazi ya halmashauri ipo Bodi ya Huduma za Afya, na humo imewekwa nafasi ya watoa huduma wasio wa serikali, zikiwamo hospitali za makanisa. Vijijini viko vyombo vya huduma ya maji ngazi ya jamii, vilivyowekwa na sheria ya maji ya mwaka 2019. Yapo pia mabaraza ya kata, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985. Mabaraza hayo yalisikiliza migogoro ya ardhi kwa miaka mingi, hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalipoyabakizia usuluhishi. Wajumbe waliozoea kukata mashauri ya mipaka ya mashamba wakakuta kazi yao imepungua. Nani aliwaambia asante kwa ile waliyokwisha kuifanya?

Watu hawa hawakwenda huko kutafuta cheo. Kazi yao ni kushauri, kusimamia, na kusema ukweli kwa niaba ya jirani zao. Wanachopata ni posho ya kikao pale inapokuwapo, nauli ya bodaboda pale inapokumbukwa, na soda. Siku ya kikao shamba linabaki bila mtu, genge linafungwa, na mgonjwa wa nyumbani anaachwa na mtoto.

Kazi hiyo imezidi kuwa nzito. Ada katika elimu ya msingi ilipofutwa kuanzia Januari 2016, ruzuku ya serikali ilianza kuingia moja kwa moja katika akaunti ya shule, na kamati ikatakiwa kuangalia inavyotumika. Katika mwaka wa fedha 2017/2018 utaratibu kama huo ulianza katika afya: fedha zikapelekwa katika akaunti ya kituo chenyewe badala ya kubaki wilayani. Utaratibu huu tunausifu. Lakini tuone unamdai nani. Unamdai mkulima aliyeishia darasa la saba, ambaye sasa anaulizwa kama fedha za robo hii zinunue dawa zilizokosekana Bohari ya Dawa, au zikarabati choo cha wodi ya wazazi, au zilipe mlinzi. Anakaa mbele ya mtaalamu mwenye cheti na mtendaji mwenye mhuri. Yeye hana kitu isipokuwa macho yake na neno lake. Akinyamaza, karatasi itapita. Akiuliza, ataitwa mkorofi.

Sasa tuone anavyoondoka. Wengine huondoka kimya, kama tulivyosema. Wengine huondoka na minong'ono nyuma yao: alikula nini huko? Yule aliyejenga choo kipya, si alikuwa kwenye kamati? Hata kama choo kile kimejengwa kwa mahindi aliyoyauza mwenyewe, neno limeshatembea. Na wako wanaoondoka kabla ya muda kwa sababu waliuliza. Waliomba kuona stakabadhi, kikao kilichofuata hawakualikwa, na kikao cha tatu majina yao yalikuwa yamefutwa. Hao ndio wanaostahili zaidi kutajwa mbele za watu, nao ndio wanaotajwa kwa uchache kuliko wote.

Matokeo yake hayaishii kwa mtu mmoja. Jirani aliyekuwa anafikiria kuchukua nafasi ile anaona na kusikia. Wakati wa kuchagua kamati mpya ukifika, wenye aibu njema wanajificha, na nafasi zinachukuliwa na wasioona haya. Kamati ikishakuwa ya wasioona haya, mzigo unamwangukia mama mjamzito anayefika zahanati saa nane usiku na kuambiwa arudi akanunue glavu. Hapo shukrani iliyokosekana imekuwa jambo la uzima na kifo.

Samweli mbele ya watu

Maandiko yanatuonyesha namna ya kuaga mtumishi wa watu, na namna hiyo haifanani na sherehe zetu. Tusome 1 Samweli 12. Samweli ni mzee, kichwa kimejaa mvi, na kazi ya kuwaamua Israeli inahamia kwa mfalme. Anasimama mbele ya taifa zima na kuwataka watoe ushahidi juu yake: kama amechukua ng'ombe wa mtu yeyote, au punda, kama amemdhulumu au kumwonea yeyote, kama amepokea rushwa akafumba macho, waseme, naye atarudisha. Watu wanamjibu kwamba hakuwadhulumu wala hakupokea kitu mkononi mwa mtu. Kisha Bwana anaitwa kuwa shahidi, na mfalme mpya naye anasimama kama shahidi.

Tuangalie yaliyomo katika tendo hilo. Kuna hesabu, maana Samweli anataja mali kwa aina yake. Kuna ushahidi, maana watu hawakai kimya, wanafungua vinywa. Na kuna aliyepokea kazi, anayesimama hapo akiona kwamba naye siku moja ataulizwa hivyo hivyo. Zawadi haitajwi. Heshima ya Samweli siku ile ilikuwa kwamba taifa lilisema, kwa sauti, kwamba mikono yake ni safi.

Hiki ndicho tunachokidai kwa wajumbe wetu. Shukrani bila hesabu ni kujipendekeza. Hesabu bila shukrani ni uonevu. Samweli alipata vyote viwili katika mkutano mmoja.

Nehemia naye aliacha kumbukumbu. Katika sura ya 3 ya kitabu chake anaorodhesha waliojenga ukuta wa Yerusalemu, jina kwa jina na kipande kwa kipande. Wamo makuhani, wamo wafua dhahabu na watengeneza marashi, yumo Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Na katika mstari wa 5 imeandikwa bila kuogopa kwamba watu wa Tekoa walijenga, ila wakuu wao hawakukubali kuinamisha shingo kwa kazi. Orodha ya shukrani iliyo ya kweli huwa na ujasiri huo: inamtaja aliyebeba jiwe, na haimpambi aliyesimama kando. Katika sura ya 5 Nehemia anaeleza kwamba kwa miaka 12 ya utawala wake hakula posho ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Aliandika hayo mwenyewe, akimwomba Mungu amkumbuke. Je, mtu aandike mwenyewe kila mara? Watu wake wako wapi?

Paulo naye, akimaliza waraka wake mzito kwa Warumi, anatumia sura ya 16 kutaja majina. Katikati ya majina hayo yumo Erasto, mtunza hazina wa mji. Mtume hakuona aibu kuleta salamu za mtu wa halmashauri ya mji katika barua inayosomwa kanisani.

Urithi wetu wa Kilutheri

Kwa sisi Walutheri jambo hili lina uzito wa pekee. Matengenezo ya Kanisa yalivunja ukuta uliokuwa umejengwa kati ya kazi takatifu na kazi ya kawaida. Luther alifundisha kwamba mama anayefua nguo za mtoto, fundi viatu na mjumbe wa baraza la mji wote wana wito kutoka kwa Mungu, na kwamba padri hana wito ulio mtakatifu kuliko wao. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linasema Mkristo anaweza kushika kazi za kiraia na kuamua mashauri bila dhambi, kwa kuwa serikali na sheria njema ni kazi njema za Mungu. Msharika anayekwenda kikao cha bodi ya shule siku ya Alhamisi hajatoka katika utumishi wa Mungu akaingia ulimwenguni. Yuko katika utumishi.

Mwaka 1523 watu wa Leisnig, mji mdogo wa Saksonia, walitunga kanuni ya sanduku la pamoja la kuwatunza maskini, shule na watumishi wa Kanisa. Luther aliiandikia dibaji na kuiweka mbele ya miji mingine kama mfano. Wasimamizi wa sanduku hilo walikuwa 10: wawili kutoka kwa mabwana wenye ardhi, wawili kutoka baraza la mji, watatu kutoka watu wa mjini, na watatu wakulima wa vijiji vya jirani. Walichaguliwa kwa mwaka mmoja. Sanduku lilikuwa na kufuli nne zenye funguo tofauti, ili pasiwe na mtu anayelifungua peke yake. Na iliwapasa kutoa hesabu mbele ya watu. Anayesema kamati za wananchi ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na wafadhili, akasome habari za Leisnig. Wakulima watatu walikuwa mezani zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Na Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo kila kijana wetu wa kipaimara huikariri, inaeleza mkate wa kila siku katika ombi la nne. Maelezo hayo hayaishii kwenye chakula. Yanataja pia watawala wema na serikali njema. Basi kila tunaposali sala hiyo tunaomba kamati ya zahanati iliyo aminifu, tunaomba chombo cha maji kisichokula fedha za dizeli ya pampu. Mungu akijibu ombi hilo kwa kumtuma jirani yetu, nasi tusimshukuru Mungu kwa ajili ya jirani huyo, tumekula mkate bila kusali.

Sisi wa Tanzania tuna sababu moja zaidi. Shule nyingi zilizoanzishwa na misheni zilikwenda mikononi mwa serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kanisa halikuondoka katika shule zile. Lilibaki humo kwa njia ya waalimu wake, wazazi wake, na wajumbe wake wa kamati. Anayemdharau mjumbe huyo anasahau kwamba ndiye uwepo wa Kanisa katika jengo ambalo babu zake walilifyatulia matofali.

Wanaopinga wanasema nini

Tumesikia hoja dhidi ya jambo hili katika semina, katika vikao vya wazee, na kutoka kwa wanafunzi wetu wenyewe. Tuzijibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba thawabu yao iko mbinguni. Hutajwa Mathayo 6, kwamba sadaka itolewe kwa siri, na Luka 17:10, kwamba tukiisha kutimiza yote tujione kuwa watumwa wasio na faida. Maneno hayo ni ya Bwana nasi tunayapokea. Lakini Bwana anasema na nani? Anasema na mtendaji, asitafute sifa. Hasemi na aliyetendewa, kwamba ameruhusiwa kuinyima shukrani. Na anayependa kunukuu Luka 17 asifunge Biblia haraka. Mistari michache tu baada ya maneno hayo wanakuja wakoma 10. Wote wanatakaswa, mmoja anarudi kushukuru, naye ni Msamaria. Yesu anauliza wale tisa wako wapi. Sura ile ile inayomkataza mtumwa kujisifu inawauliza walioponywa kwa nini hawakurudi. Sharika zetu zimeshika nusu ya kwanza ya sura, zikakaa pamoja na wale tisa.

Hoja ya pili ni kwamba hii ni siasa, na madhabahu si mahali pa siasa. Hoja hii ingetusumbua kama ingetoka kwa watu waliokwisha kuzuia siasa madhabahuni. Lakini usharika uliompa mgombea kipaza sauti siku ya harambee hauwezi kugeuka na kusema kwamba kumtaja mama wa kamati ya maji ni siasa. Mgombea anatafuta kitu. Mjumbe anayemaliza muda hatafuti tena kitu, ameshakitoa. Zaidi ya hayo, kamati hizi zimewekwa ili zisiwe za chama. Dawa ikiisha, imeisha kwa wote.

Hapa tuongeze neno. Kamati ya zahanati si ya Wakristo peke yao. Mwenyekiti wake anaweza kuwa shehe, na mhazini wake anaweza kuwa mtu asiyesali popote. Hao nao wametuhudumia. Hatusemi waitwe mbele ya madhabahu kwa lazima, maana heshima isigeuzwe mtego. Tunasema wazee wa kanisa wavae koti, waende kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria hukutana kila baada ya miezi mitatu, na hapo mbele ya wote waseme: sisi wa usharika huu tumeona kazi ya ndugu huyu na tunamshukuru. Itakuwa injili yenye miguu. Tena tukumbuke aliyerudi alikuwa Msamaria. Isije ikawa msikiti umetutangulia kuwashukuru watu wetu.

Hoja ya tatu ni kwamba tukianza kushukuru, wabadhirifu nao watapenya, na Kanisa litakuwa limebariki wezi. Hoja hii ina akili kuliko zote, na ndiyo sababu tunakataa shukrani za mkupuo, zile za kuita wote wasimame wapigiwe makofi. Mfano wetu ni Samweli, na kwa Samweli hesabu ilitangulia. Kamati isiyosoma taarifa yake ya mwisho mbele ya wananchi isishukuriwe na Kanisa mpaka imesoma. Lakini hofu ya mwizi mmoja isitumike kuwanyima haki waaminifu wanane. Mwizi hadhuriki na ukimya wetu, ukimya unamfaa. Anayedhurika ni mwaminifu, kwa kuwa katika giza wote wanafanana.

Hoja ya nne ni kwamba kuwashukuru ni kazi ya serikali, maana ndiyo iliyowaita. Ni kweli halmashauri ina deni lake, nasi tunaidai ilipe. Barua ya kumwondoa mjumbe huandikwa haraka, ya kumshukuru husubiri fedha za wino. Lakini Katiba ya nchi inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Basi aliyekaa kwenye kamati alikaa kwa niaba yetu. Sisi ndio tuliotibiwa. Watoto wetu ndio waliopata madawati. Kumsukumia mkurugenzi wa halmashauri deni hili ni sawa na mgeni aliyekula nyumbani kwa mtu akasema asante itatolewa na aliyeuza mchele.

Amri ya nane

Tumefika kwenye neno gumu zaidi. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Maelezo ya Katekisimu Ndogo yanatutaka tupige hatua zaidi ya kutosema uongo: tumtetee jirani, tumseme vema, na tuyatafsiri mambo yake yote kwa upande mwema. Hiyo ni amri, haikuachwa kwa hiari ya mwenye moyo mzuri.

Basi tuulize. Mjumbe mwaminifu anapomaliza muda wake na minong'ono ikaanza kwamba amekula, nasi tunajua hakula, na tukanyamaza kwa sababu hatutaki kujiingiza, tumetimiza amri au tumeivunja? Tumeivunja. Hatukusema uongo, lakini tumeuacha uongo utembee kwa miguu yetu iliyokaa. Mchungaji anayejua ukweli kuhusu msharika wake na kunyamaza ili asikosane na wakubwa wa kijiji ameivunja mara mbili, kwa sababu yeye aliifundisha.

Kwa hiyo tunalolidai halitimizwi kwa kitenge na keki. Mtu aliyetiliwa shaka hasafishwi na kitenge. Pengine kitenge kitaongeza shaka: kumbe ndicho alichokuwa anakitafuta! Anasafishwa na ushahidi wa watu waliosimama na kusema walichokiona. Zawadi ikiwepo iwe ndogo, na ije baada ya ushahidi.

Mambo ya kufanya

Tunapendekeza haya, nayo hayahitaji bajeti.

Kwanza, kila usharika uwe na daftari la washarika wake wanaotumikia katika kamati, bodi na mabaraza ya eneo lao. Tunayo madaftari ya ahadi za sadaka yaliyonyooka kuliko reli. Hatushindwi kuongeza moja. Liandikwe jina, chombo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza.

Pili, watajwe katika maombi ya Kanisa wanapoingia, maana huwezi kumwaga mtu ambaye hukumsindikiza. Jumapili baada ya kuchaguliwa, mchungaji awaombee kwa majina, kama tunavyowaombea wazee wa kanisa wanapoingizwa kazini.

Tatu, siku ya kumaliza, mzee wa kanisa asome mbele ya usharika maneno machache yenye ukweli unaopimika: fulani ametumikia kamati ya shule kwa miaka mitatu, katika muda huo vyoo vya wasichana vimekamilika, taarifa ya fedha imesomwa kijijini tarehe fulani. Sifa za jumla kama mchapakazi na mpenda maendeleo ziachwe kwa mabango. Jambo moja la kweli linamheshimu mtu kuliko sifa kumi.

Nne, aliyeondolewa kwa sababu aliuliza maswali asiachwe. Wazee wa kanisa wamtembelee, wasikilize, wachunguze. Wakiona aliuliza kwa haki, atajwe mbele ya usharika kama wengine waliomaliza muda, na barua ya usharika iende kwa mtendaji kuuliza kuhusu stakabadhi zile alizoziomba. Hapa ndipo itajulikana kama tulimaanisha au tulikuwa tunatafuta sababu nyingine ya kula wali.

Tano, anayeondoka akae na anayeingia. Kuna elimu ambayo haimo kwenye mwongozo wowote: fundi yupi huweka saruji kidogo, mwezi gani dawa za malaria huisha, nani hukasirika akiulizwa. Elimu hiyo ikiondoka na mtu mmoja, kijiji kinaanza upya kila baada ya miaka mitatu. Kumwomba mtu atufundishe alichojifunza ni heshima kubwa kuliko kumvika mgolole, kwa kuwa ni kukiri kwamba anajua jambo ambalo sisi hatulijui.

Wapo watakaosema tumelikuza jambo dogo. Lakini Kanisa letu limehubiri juu ya rushwa kwa miaka mingi, na mahubiri hayo yote humlenga anayekula. Tumemkemea mla rushwa kila mwaka mpaka amezoea. Aliyekataa kula, akakaa miaka mitatu karibu na chungu bila kuonja, tumemwambia nini? Usharika unaokemea ubaya bila kuutambua wema uliopo mbele yake unawafundisha vijana kwamba wema hauonekani, na kijana akishaamini hivyo hatakaa kwenye kamati yoyote isipokuwa ile yenye posho nono.

Wachungaji wenzetu, wazee wa kanisa, na ninyi washarika mliosoma mpaka hapa: wiki hii ulizeni katika jumuiya zenu ni nani amemaliza muda wake mwaka huu katika kamati ya shule, ya zahanati, ya maji, au katika baraza la kata. Msiulize kama anahitaji shukrani, maana atasema hapana. Ulizeni amefanya nini, nendeni mkaone kwa macho, kisha simameni mseme mlichokiona, kanisani na kijijini. Na aliye na neno juu yake alitoe hapo hapo mbele za watu, kama Samweli alivyotaka, au anyamaze.